Folda ya Sala

Nilitamka vizuri. Hilo nitalisema mpaka niingie kaburini.

Mimi na Nyaruai tulikuwa tunaandaa kitabu cha sala cha kanisa letu, yeye akiwa Kibomet kule Kitale, mimi hapa Bungoma. Mafaili yote yalikaa kwenye kompyuta yake. Nilikuwa nafungua folda kwa intaneti, nahariri, nahifadhi, naye anaona papo hapo. Kwenye skrini yangu folda zilionekana kama ziko mezani kwangu, nami mjinga nikaamini ziko kwangu. Ndiyo maana, binti yetu Sara alipofariki, sauti zake nilizorekodi kwa simu nilizihifadhi huko, kwenye folda ya jina lake. Simu yenyewe ikafa baadaye.

Sisi Wabukusu l na r hutuchezea. Sara alikuwa akinicheka: "Baba, mimi si maombi, mimi ni Sara." Hata hilo lilikuwa kwenye rekodi. Nyaruai naye ni Mkikuyu, kwao l haipo kabisa. Kati yetu wawili herufi hizo hazikuwa na mwenyewe, ila tulishazoeana. Nikikosea, yeye anageuza kimya kimya na kazi inaendelea.

Kitabu kikachapishwa. Nyaruai akapiga simu, akasema kompyuta imejaa, tufute nini? Nikamjibu polepole, kwa l safi, kama Sara alivyonifundisha:

"Futa ile ya sala. Tumemaliza nayo."

Akaniuliza kama nina uhakika.

"Sasa ya nini, bana? Si inajaza tu nafasi."

"Basi sawa. Pole sana, Baba Sara."

Nilidhani ananipa pole ya kazi.

Leo nimefungua. Rasimu za sala zipo zote, hata za mwaka juzi. Folda ya Sara haipo. Kumbe alisikia "sala", akageuza kama kawaida yake. Na ili nafasi ipatikane, aliifuta moja kwa moja, bila hata kupitia pipa la taka la kompyuta. Fundi aliyemwita ametikisa kichwa tu. Nyaruai analia kwenye simu, ati alidhani sauti zile zinaniumiza, akaona aibu kuniuliza zaidi.

Jumapili mke wangu Roselyne akitoka kanisani huwa hataki chai kabla ya kumsikia Sara. Sasa hivi amevuta kiti, amekaa kando yangu, kitambaa bado kichwani.

"Haya," ananiambia, "tuwekee mtoto."