Mechi Moja Imebaki

Walidhani ni deki. Wazee wa ukoo wetu, watu wanaojua umri wa ng'ombe kwa kumtazama meno tu, waliishika PS2 ya kaka yangu, mashine ya kuchezea gemu la mpira, wakaigeuzageuza, wakakubaliana kwamba ni deki ya kuonyeshea picha, wakaigawa. Mimi nilikuwa jikoni uani na akina mama, nageuza makande ya waombolezaji. Vitu vya marehemu wanagawa wanaume, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Matanga yalipoisha nilirudi Babati kufundisha, nikiamini mashine ipo nyumbani, kijijini Daudi, juu ya kabati la mama. Miezi mitano niliamini hivyo. Pasaka nikaenda na mpango mmoja tu kichwani: nifunge mlango, niiwashe, nicheze mechi moja. Juu ya kabati nikakuta sufuria.

"Deki si alichukua yule mzee wa Getanuwas," mama aliniambia. "Gidahosh, aliyesindikiza jeneza."

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo Alfredi. Alikuwa anafunga mlango wa zizi.

"Shikamoo, baba mdogo. Mashine ya Didas mmempa mtu?"

"Marahaba. Alichagua mwenyewe. Tulimwonyesha mabuti, koti la mvua, redio. Yeye akanyoosha fimbo kwenye deki. Mtu ameacha ng'ombe wake akatuletea mtoto wetu mpaka nyumbani, tungemkatalia?"

"Siyo deki."

"Basi iwe chochote. Kilichogawiwa kwenye matanga hakirudishwi, Violeth. Usiende kutuaibisha."

Nilikwenda kesho yake asubuhi.

Ile mashine tuliinunua kwa vitunguu saumu. Baba alitupa kipande kidogo cha shamba kando ya mfereji, Didas akiwa na miaka kumi na saba na mimi kumi na nne, tukalima msimu mzima mikono ikinuka mpaka darasani. Tuliiunganisha kwenye TV ya chogo, pedi mbili, moja kitufe chake kinanasa. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu, ya Didas haikunasa kamwe. Tulianzisha timu, Daudi FC, tukatengeneza wachezaji wetu wenyewe. Mimi nilimtengeneza Didas: namba kumi, viatu vya kijani, kitambaa cheupe kichwani kwa sababu sikupata nywele zinazofanana na zake. Yeye akaniweka golini, na nywele ndefu ambazo sijawahi kuwa nazo. Alisema mimi ndiye mtu pekee asiyepitika hapa nyumbani.

Tulikuwa na sheria moja. Mechi za katikati mtu aweza kucheza peke yake, lakini fainali haiguswi mpaka tukae wote wawili. Tulikwenda hivyo tangu shule, mpaka yeye akawa afisa mifugo Getanuwas na mimi mwalimu. Alihama na mashine, na kila likizo alikuja nayo kwenye begi.

Alhamisi moja ya Novemba alinipigia. "Vio, mechi moja imebaki. Fainali. Njoo Jumamosi."

Nilikuwa na madaftari sabini ya kusahihisha na kichwa kinauma. Nikamwambia, "Didas, una miaka thelathini na moja. Acha utoto, mimi sitaki." Nikakata simu. Ijumaa alikwenda kuchanja ng'ombe, mvua ikanyesha, pikipiki ikateleza kwenye mteremko. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Ndiyo maana nilikuwa naitafuta ile mashine. Kwenye memori kadi yake, inakohifadhiwa timu na mechi zetu zote, fainali ilikuwa bado inasubiri, na Didas yumo ndani, namba kumi, tayari kuingia uwanjani. Nilitaka kuicheza naye. Najua inavyosikika, na sikujali. Nilichoogopa ni kwamba mtu amekwisha kuicheza.

Nilibadilisha magari mawili hadi Katesh, kisha nikachukua bodaboda. Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka chini, na njia nzima nilikuwa naomba yule mzee awe hana umeme. Nilimwomba Mungu kabisa, kwa maneno, kwamba mashine iwe imewekwa pembeni na kuku wanalala juu yake. Tulipofika nikaona paneli ya sola kwenye bati.

Mzee Gidahosh alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, fimbo magotini, shuka jeusi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa Didas. Macho ni yaleyale." Akamwita mkewe alete maziwa. "Nimekusubiri sana."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimejiandaa njia nzima. Nikasema tu kwamba nimekuja kuiona mashine. Akanyanyuka akaniingiza ndani. Ilikuwa kwenye meza ndogo karibu na betri na inveta, imefunikwa kitambaa safi. Pedi zote mbili zilikuwepo.

"Alinifundisha yeye," alisema. "Ng'ombe wangu alishindwa kuzaa, Didas akakaa naye siku nzima mpaka ndama akatoka. Tangu hapo kila Jumamosi alikuja, tukacheza. Kusoma sijui, lakini wachezaji nawajua mmoja mmoja, kama zizi langu. Ndugu zako waliponiambia nichague, ningechagua mabuti ya nini?"

Akaiwasha. Nilikaa chini kwenye ngozi.

"Mzee, ile fainali. Mliicheza?"

"Niliicheza jioni ile niliporudi kutoka matangani. Tulishinda. Didas alifunga la pili." Alisema kwa fahari, maskini, akidhani ananifurahisha.

Sikulia. Niliomba pedi, nikafungua orodha ya timu. Golini nilikuwepo, VIOLETH, miaka thelathini na minne kwa hesabu ya gemu. Namba kumi alikuwa mtu nisiyemjua. Nikashuka mpaka chini, nikapanda, nikashuka tena.

"Yuko wapi?"

Mzee aliitazama orodha. "Nimecheza misimu mingi, binti yangu. Mvua ilikuwa nyingi, ng'ombe walirudi mapema. Akazeeka. Mbio zikaisha, lakini sikumtoa na sikumuuza. Siku moja yakaja maandishi, nikabonyeza, akawa hayupo. Nikaizima mashine siku nne. Mke wangu akaniuliza nani amekufa."

Nilimchukia. Nasema kweli, kwa dakika hiyo nilimchukia mzee wa watu aliyenipa maziwa, kwa sababu alikuwa amemzika kaka yangu mara mbili na mimi mara ya pili sikuitwa. Halafu nikakumbuka nani aliitwa Alhamisi ile na akakataa.

"Lakini alirudi," mzee akasema.

"Nini?"

"Gemu hili mtu akiondoka anazaliwa tena, mdogo. Nilimkuta msimu uliofuata kwa wapinzani wetu. Fungua timu ile ya jezi nyekundu. Shuka."

Nikashuka. DIDAS. Miaka kumi na saba. Viatu vya kijani, kitambaa cheupe kichwani. Umri uleule aliokuwa nao tulipolima vitunguu. Nikaweka mkono kwenye kioo cha TV, kilikuwa na joto.

"Najaribu kumnunua tangu Februari," mzee akasema. "Kila mara inalia mlio mbaya, maandishi mekundu yanakuja. Nadhani pesa hazitoshi. Wewe unasoma, tazama."

Nikatuma ombi. Daudi FC inamtaka DIDAS. Niliweka pesa zote za timu, sikubakiza. Mlio ukaja, na maandishi mekundu ya Kiingereza. Nikayasoma mara ya kwanza, nikayasoma tena.

"Inasemaje?"

"Pesa zinatosha, mzee. Timu yake imekubali." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Ni mwenyewe. Inasema mchezaji hataki."

"Hataki?"

"Hataki kuja."

Nikatuma tena. Hataki. Nikamwahidi miaka mitano, nikamwahidi namba kumi. Hataki. Kidole kilikuwa kinabonyeza chenyewe, na nilikuwa nimeshika ile pedi yangu ya zamani inayonasa, kwa hiyo kila ombi nililibonyeza mara mbili tatu ndipo liende. Kwa sauti, mbele ya mzee na mkewe, nikasema, "Didas, tafadhali. Nimekuja." Maandishi mekundu yakaja.

Inveta ikaanza kupiga kelele. Mawingu yalikuwa yameikalia paneli tangu asubuhi, betri inakwisha. Mzee akainama akaizima taratibu, na kijana wangu akapotea na jezi yake nyekundu.

"Chukua," akasema, akichomoa memori kadi. "Ni yako. Ndugu zako watasema hairudishwi, lakini mimi ndiye niliyepewa."

Niliitazama kiganjani mwake. Nje bodaboda alipiga honi, anataka tuondoke kabla ya mvua. Nikatoka nikamlipa, nikamwambia asinisubiri.

"Irudishe mahali pake, mzee," nilisema niliporudi ndani. "Kesho jua likitoka nitamwomba tena."