Makalio Kitini, Miguu Sakafuni

Saa tisa na robo alasiri watoto walianza kuingia kwenye chumba cha nyuma ya shule, ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu na bado kilinuka hivyo. Walitundika mikoba yao kwenye misumari, wakanawa mikono kwenye ndoo, wakakaa. Wengi walivaa ufunguo wa nyumbani shingoni kwa kamba, maana wazazi wao walirudi kutoka kazini jua likishazama. Walikuwa ishirini na saba. Mwalimu, dada mmoja mwembamba aliyekabidhiwa kituo hicho pamoja na maboksi mawili ya chaki, aliandika ubaoni hesabu ya kugawanya yenye baki, akaieleza mara tatu kwa vifuniko vya soda. Mara ya tatu mtoto wa fundi baiskeli alisema, "Aaa, kumbe!" akapanda kutoka kitini kwake kiasi cha vidole vinne, akabaki hapo.

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Nani mwingine?"

Kufika saa kumi na moja, tisa walikuwa hewani. Fundi seremala wa kituo alichomoa futikamba akawapima mmoja mmoja, akaandika vipimo kwa penseli juu ya kipande cha ubao. Watoto walimwita Babu Randa, kwa ajili ya randa yake ya kulainishia mbao, ambayo ilikuwa haimtoki mkononi. Namba alizijua. Herufi ndizo zilizomshinda. Shule aliiachia darasa la pili, mwaka ambao mwalimu wao alihamishwa na ofisi ya elimu ikaahidi kuleta mwingine wiki inayofuata. Ilikuwa imepita miaka hamsini na mitatu, na wiki inayofuata ilikuwa bado haijafika.

Basi ikawa kawaida. Mtoto akielewa jambo, alipanda. Jambo dogo, vidole viwili. Jambo zito, mkono mzima. Usiku usingizi uliwashusha, asubuhi wakaenda shuleni kwa miguu kama watu wengine. Huko darasani walikaa tisini chumba kimoja, na hakuna aliyewahi kunyanyuka hata unywele. Alasiri walirudi chumba cha nyuma wakapanda tena. Mama mmoja fundi cherehani aliwashonea mikanda yenye vitanzi, ili wazazi wawavute nyumbani kwa kamba bila kuwaumiza. Malalamiko ya mtaa yalikuwa mawili tu: kwamba walichungulia madirisha ya ghorofani wakipita, na kwamba shuka zilizoanikwa zilibaki na alama za vichwa.

Asiyepanda alikuwa mmoja, na huyo alikuwa mjukuu wa Babu Randa. Alikuwa na miaka tisa, na wenzake walimwita Nanga.

"Nanga!" walimwita kutoka darini. "Huko chini kuna habari gani?"

"Habari ni kwamba soksi zako zimetoboka zote mbili," alijibu bila kuinua kichwa, "na moja si yako."

Ulimi alikuwa nao. Kusoma ndiko alikokuwa hana. Herufi alizijua moja moja, lakini zikisimama pamoja zilimchanganya. Shule ilikuwa imekwisha kumwambia Babu waziwazi: siku ya kufungua baada ya likizo ndefu, mtoto asiposoma ukurasa mmoja kwa sauti, anarudia darasa, na hiyo itakuwa mara ya pili. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimsikiliza jioni, na bibi alifariki mwaka juzi. Mama yake alifanya kazi mbali, akija mwisho wa mwezi na kuondoka kesho yake. Babu naye angemfundisha nini, kupiga randa? Tumaini lilikuwa moja tu: wiki sita za likizo, kila siku kuanzia asubuhi, katika chumba kile, na Mwalimu yule.

Sasa, ofisi ya elimu. Ofisi ya elimu ilikuwa ng'ambo ya barabara, yenye viyoyozi, viti vya kuzunguka, na choo kipya ambacho ujenzi wake ulikuwa umesimama mwaka wa tisa. Kila mwezi karani wake alivuka barabara, akasimama mlangoni, akahesabu watoto. Alihesabu kwa mujibu wa waraka. Waraka ulisema mtoto atahesabiwa kuwa yupo iwapo makalio yake yapo kitini na miguu yake ipo sakafuni. Mwezi wa kwanza, walipokuwa hawajajifunza kitu, karani alipata ishirini na saba. Mwezi wa pili alipata kumi na tano. Wa tatu, sita. Mwezi wa nne alimkuta Nanga peke yake, akaandika moja, akamsifu kwa mahudhurio mazuri.

"Na hao?" Babu Randa aliuliza, akionyesha juu kwa msumeno.

Karani alitazama juu, akawasalimia watoto, wakamwamkia. "Hao sijawakuta, mzee wangu," akasema, akafunga kalamu.

Wiki ile ile barua ikaja. Mwalimu aliisoma kwa sauti. Mahudhurio ya kituo yalikuwa yameporomoka mfululizo, jambo linaloonyesha kwamba watoto hawaipendi elimu. Mkaguzi atakuja. Atahesabu mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na hesabu ya kutoka ndiyo itakayoshika. Wakiwa chini ya ishirini, kituo kitafungwa likizo nzima.

Babu Randa aliuchukua ubao wake wa vipimo. Alikwenda kwenye karakana yake, ambayo ilikuwa kibanda cha mabati ukutani, akafanya kazi siku nne. Siku ya tano alileta viti ishirini na sita vya urefu mbalimbali, kila kimoja kwa kipimo cha mwenyewe kama kilivyoandikwa kwenye ubao wake. Kirefu kuliko vyote kilifika darini na kilikuwa na ngazi yake. Watoto walivikalia, wakalingana navyo sawasawa. Hata Mwalimu alicheka. Lakini karani alivuka barabara na karatasi nyingine: kiti ni sentimita arobaini, na habari ya sakafu iko palepale. Babu Randa alivikata vyote miguu, na vipande vilivyobaki alivipanga nyuma ya kibanda.

"Wanakaa kwenye viti vinavyozunguka," alimwambia Nanga jioni ile, wakimenya viazi. "Mtu akizunguka kutwa nzima, utamwambia nini kuhusu juu na chini?"

"Babu, na mimi nikipanda, utanitengenezea kiti?"

"Wewe panda kwanza."

Njia iliyobaki ilikuwa matofali. Asubuhi ya ukaguzi Babu Randa alisukuma toroli mpaka kwenye choo cha ofisi kisichokwisha, akachukua matofali, akayakata nusu nusu kwa patasi. Hakuna aliyemuuliza, maana tangu mwaka wa tano hakuna aliyekuwa akikitazama choo kile. Kila mtoto alipewa nusu mbili kwenye mkoba na mkoba ukawekwa mapajani. Nanga alidai zake pia.

"Za nini? Wewe si uko chini?"

"Nisionekane mbaguzi."

Alipewa.

"Sikilizeni," Mwalimu akasema. "Leo msijifunze kitu chochote. Mkiona jambo linaanza kueleweka, tazameni dirishani. Naombeni sana."

Walikariri jedwali la mbili, ambalo walilijua tangu zamani na lilikuwa haliwanyanyui tena. Mkaguzi alikuja saa kumi na nusu badala ya saa tisa na nusu, na mkoba wa ngozi na dereva wa kumbebea. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la wastani na viatu vinavyometameta. Alihesabu kwa kidole, kiti baada ya kiti, akiinama kuona nyayo. Ishirini na saba. Akaandika.

Babu Randa, aliyesimama nyuma na randa yake, alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Hongereni," mkaguzi akasema. "Mna swali lolote kabla sijahesabu ya kutoka?"

Mwalimu alitikisa kichwa polepole akiwatazama watoto. Wote walitazama dirishani. Nanga peke yake alinyoosha mkono. Hakuwa na cha kuogopa. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kupanda.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba, mwanangu."

"Sasa kwa kuwa tumetimia, mtatuletea vitabu?"

"Swali zuri," mkaguzi akasema, naye alimaanisha hivyo. "Hapana. Nyinyi mmetimia bila vitabu, kwa hiyo imeonekana hamvihitaji. Vitabu ni kwa vituo visivyotimia."

Nanga alifikiri kidogo. "Na kituo kisipotimia?"

"Kinafungwa."

"Kabla ya vitabu kufika, au baada?"

"Kabla. Huwezi kupeleka vitabu mahali penye watoto wachache, ni hasara."

"Kwa hiyo vitabu viko wapi?"

"Viko stoo, mwanangu, vimetunzwa vizuri kabisa. Tuna mlinzi."

Nanga alikunja kidole kimoja, akakunja cha pili, akavitazama. Tukitimia, hatupati. Tusipotimia, tunafungwa. Midomo yake ilicheza bila sauti. Halafu uso ukamfunguka, kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo.

"Aaa," akasema. "Kumbe!"

Akapanda. Alipanda na mkoba, na matofali, na kiti alichokuwa amekishika kwa mkono mmoja, mpaka kichwa kikagonga dari. Wenzake waligeuka kutoka dirishani kumtazama, na kwa kuwa kila mtu alikuwa amesikia mazungumzo, nao wakaelewa. Walikwenda juu wote kwa mpigo, na nusu za matofali zikaanza kudondoka. Moja ilitua kwenye mkoba wa ngozi wa mkaguzi. Mwalimu hakunyanyuka, mambo yale aliyajua tangu mwezi wake wa kwanza wa ajira. Babu Randa alibaki amesimama, kichwa nyuma, akimtazama mjukuu wake kwa chini. Aliona kwamba viatu vya mtoto vilihitaji soli.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "waambie wakae. Nahesabu ya kutoka."

"Hawawezi, bwana. Wameelewa."

"Waambie waelewe siku nyingine."

Mwalimu aliwaambia. Walijaribu kwa moyo wote, lakini jambo lililoeleweka halirudi nyuma mpaka usiku. Mkaguzi aliwasubiri dakika tano nzima, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha alipita kiti baada ya kiti, akiinama, akaandika sifuri ya duara nzuri. Alitoa nusu tofali kwenye mkoba wake, akaliweka mezani kwa adabu, akaaga.

Kufuli lilikuja Ijumaa. Lilikuja pamoja na bango la bati, na barua ya kumtaka fundi wa kituo alipigilie bango hilo mlangoni yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa bado mwajiriwa. Babu Randa alilipigilia kwa misumari minne ya inchi mbili. Hakujua limeandikwa nini na hakuuliza.

Jumatatu, siku ya kwanza ya likizo, aliegemeza ngazi ukutani, akang'oa mabati matatu ya paa na mbao za dari zilizokuwa chini yake. Kwa miaka mitatu alikuwa ameomba kibali cha kuyatengeneza kwa sababu yanavuja, kwa hiyo hakuona kosa. Mwalimu alisimama nje mbele ya kufuli, akawafundisha watoto jambo moja dogo, kwa nini kivuli hufupika mchana, nao wakapanda, wakavuka ukuta, wakaingia kwa juu. Mwalimu, ambaye hakuwa na jipya la kumpandisha, alitumia ngazi.

Ndivyo walivyosoma wiki sita. Siku za mvua walishikilia turubai. Karani alivuka barabara kila mwezi kama kawaida, akatikisa kufuli, akaandika kwamba ndani hakuna mtu. Watoto walimwamkia kutoka juu ya paa, naye aliitikia marahaba akiwa anaandika.

Nanga, baada ya kuielewa ofisi, hakuona tena ugumu wa herufi. Katika wiki ya tatu alisoma neno zima, ya nne sentensi. Jioni alimsomea Babu, na kila alipomaliza alimgeuzia daftari: "Haya, zamu yako." Babu alisema macho yake yamechoka. Nanga alisema hajauliza habari za macho. Siku ya kufungua shule alisoma ukurasa wake kwa sauti na kuomba wa pili. Alipandishwa darasa, akapewa robo ya dawati, na hapo wakawa tisini na mmoja.

Kituo hakikufunguliwa. Taarifa ya mwaka ilisema katika mtaa ule hakuna mtoto aliyejifunza kitu likizoni. Vitabu vilibaki stoo, na mlinzi akaongezewa mwenzake.

Alasiri moja baada ya hapo, watoto wakiwa ndani kama kawaida, Babu Randa alisimama mbele ya mlango akalitazama bango lake. Alianza na herufi ya kwanza. Nanga alitokeza juu ya ukuta, akishikiliwa na mkanda wake, kichwa chini, akamsikiliza.

"Ki-tu-o," Babu akasema. "Kituo ki-me-fu... kimefungwa. Kwa. Ku-ko-sa."

"Usikisie, Babu. Soma."

"Wa-to-to." Akalisoma tena lote, kutoka mwanzo, bila kukata. Kituo kimefungwa kwa kukosa watoto. Ndani, watoto ishirini na sita walikuwa wakibishana kuhusu mwezi.

"Kumbe," Babu Randa akasema.

Alipanda kiasi cha msumari wa inchi mbili, halafu wa inchi nne, halafu akampita Nanga, akaukamata ukingo wa paa na kuingia. Kandambili zake zilibaki chini mbele ya mlango, zimepangwa vizuri. Mkaguzi alipita na gari muda mfupi baadaye, akamwambia dereva apunguze mwendo. Aliliona kufuli, akaziona kandambili, akazihesabu. Kisha akaandika kwamba hapakuwa na mtu.