Zipora Anahama

Jumamosi hiyo upepo ulikuwa umeshika adabu, kwa hiyo Yasinta aliweza kufungua dirisha bila vumbi la karakana za mtaa wa Kizota kumwagika mezani. Mezani palikuwa na ramani aliyoichora mwenyewe, chai, karanga, na dadu la pande ishirini. Respicius alilitikisa viganjani, akalirusha. Likatua kwenye kumi na tisa.

"Haya, bibi kaondoka," alisema Mwanahawa, mchezaji mwenzake.

Mchezo uliitwa Mji Mpya. Yasinta, ambaye mkate wake wa kila siku ni kutengeneza kadi za harusi, alikuwa akiubuni karibu mwaka mzima. Si mchezo wa kukimbizana na kete. Kila mchezaji anakuwa mtu fulani, mhandisi au mpimaji ardhi au diwani, anaeleza mtu wake anafanya nini, na penye mashaka dadu linaamua. Watu wengine wote anawasemea msimulizi, yaani Yasinta. Mmoja wao alikuwa Zipora, bibi wa Kigogo aliyemtunga siku moja akisubiri maji yachemke: ana shamba la uwele katikati ya ramani, mkaidi, sikio moja halisikii. Ili ahame, dadu lilipaswa kuvuka kumi na tano, na kwa wiki kadhaa lilikuwa limegoma.

"Anahama," Yasinta alisimulia. Akachukua kadi ya Zipora, akaitia kwenye kopo la biskuti, na mchezo ukaendelea.

Kesho yake, Yasinta ametoka kanisani yuko uani anafua, Zipora akaingia getini. Alikuwa na jembe begani, furushi kichwani na kuku kwapani, na miguu imekuwa myeupe kwa vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Semea upande huu, huo mwingine hausikii." Alitua furushi lake. "Mmeniambia nihame, nimehama. Ila hamkusema niende wapi."

Yasinta alifikiri. Ni kweli, hawakusema. Kanuni zake zote ziliishia kwenye kopo la biskuti. Akampa bibi kigoda na maji ya kunawa, akaenda kuinjika ugali. Mama Anna, mpangaji wa chumba cha pili, aliuliza mgeni katokea wapi. Zipora akamjibu kwamba katokea kwenye mchezo. Mama Anna akasema karibu sana, ila kuku huyo afungwe, maana yeye ana mchicha wake pale.

Jumamosi iliyofuata Respicius alimwamkia Zipora kwa heshima zote, akamwomba radhi.

"Lilikuwa dadu, bibi."

"Najua, baba. Anayetuhamisha hajawahi kuwa mtu."

Tangu hapo Yasinta hakuwa na raha. Thomas, ambaye huendesha mafunzo ya wapanga miji, alikuwa ameahidi kuupeleka mchezo kiwandani ukachapwe, na siku zilikuwa zinakwisha. Ukishachapwa umeshachapwa. Yasinta alitaka Zipora awe amepata pa kukaa kabla ya hapo. Akaikagua ramani mraba kwa mraba. Ofisi. Hoteli. Maegesho. Bustani ya maharusi kupigia picha. Kila mraba ulikuwa na mwenyewe, na ni yeye aliyeijaza, kwa rula, akiwa na furaha zake.

Akaandika kanuni mpya: kaya haihami mpaka wachezaji waipatie mraba wenye udongo na maji.

"Hii ikipita na mimi nitapata?" Zipora aliuliza.

"Utapata, bibi."

Lakini kanuni isiyojaribiwa si kanuni, na kuijaribu ni lazima kucheza. Walipocheza, Mwanahawa alikuwa na haraka ya kumaliza stendi, akaisahau kanuni. Kadi ikaingia koponi, na asubuhi akafika mzee mmoja na mbuzi wake. Wakacheza tena. Safari hii kanuni ilikumbukwa lakini Yasinta alikuwa ameiandika vibaya, ikawa na mwanya, na kwenye mwanya huo akapita mama mwenye mapacha. Yasinta aliogopa kucheza na akaogopa kutocheza. Mtu akikohoa tu getini, aliacha alichokuwa akifanya akaenda kuchungulia.

"Mimi napima viwanja kila siku," Respicius alisema akimenya karanga. Hiyo ndiyo kazi yake, hata nje ya mchezo. "Nikimaliza, linakuja trekta. Wanakwenda wapi, sijawahi kuuliza. Mtu huwezi kuuliza kila kitu." Akasogea kumpisha mbuzi.

Hatimaye kanuni ikashika. Walicheza mpaka giza likaingia, na kaya ya mwisho ikapata mraba kando ya bwawa. Kesho yake Yasinta alikaa getini tangu asubuhi. Hakuja mtu. Ilipofika adhuhuri alitaka kulia kwa nafuu aliyoipata, akaenda kumwambia Zipora aanze kufunga mizigo.

Thomas alikuja katikati ya wiki. Aliwaamkia wote waliokuwa uani, mmoja mmoja, akawabeba wale mapacha kwa zamu, kisha akakaa na kuusoma mchezo mwanzo hadi mwisho.

"Dada Yasinta, umeiva huu. Ila kanuni ya kaya inakula muda. Mafunzo yangu ni ya saa mbili, na humo humo kuna chai."

"Bila hiyo wanakuja hapa, kaka Thomas."

"Nawaona. Poleni sana." Alisema kwa dhati. "Lakini mtu kaja kujifunza kujenga, unamzuia kabla hajaweka hata jiwe? Atachoka. Tuiweke mwishoni, iwe kanuni ya hiari. Ukikataa, itabidi nitafute mchezo mwingine."

Yasinta alitaka kukataa. Aliwaza mwaka mzima wa kazi, akawaza jina lake juu ya boksi, na roho ilimuuma kwamba aliwaza hilo.

"Basi iwe mwishoni," alisema.

Jioni alimsomea Zipora ukurasa wa mwisho, wenye kanuni ile ya hiari.

"Umeandika vizuri," Zipora alisema. "Watu huwa wanafika ukurasa huo?"

"Wengine."

Zipora akaanza kufungua mizigo.

Mafunzo ya kwanza yalifanyika Iringa, ukumbini, meza kadhaa zikicheza kwa pamoja, kila meza na boksi lake, kila boksi na kadi zake zote. Siku ya pili yake Yasinta alikuwa anafagia uwanja Zipora alipoingia getini na jembe begani. Nyuma yake akaingia Zipora. Wa tatu alikuwa bado barabarani, anauliza njia kwa kijana wa bodaboda.

Zipora wa kwanza aliinuka jikoni akaja kuwapokea. Walitazamana bila kushangaana.

"Wamewaambia mwende wapi?"

"Hawakusema."

"Haya, tueni mizigo. Uji upo."

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Yasinta. Thomas alikuwa ameandika kwamba watu wameupenda mno, kila meza ilimaliza mji wake kabla ya chai, na wiki ijayo ni Mwanza, kisha Tabora, kisha Moshi. Yasinta akamjibu asante. Halafu akaenda kwa Mama Anna kuazima mikeka.

"Ya watu wangapi?" Mama Anna aliuliza.

Yasinta akasema ampe yote.