Mama wa Stoo

Fundi cherehani alichimba viazi mviringo katika bustani yake ya nyuma ya nyumba, akavianika kivulini, visije vikageuka kijani na kuwa vichungu kwa jua, hadi maganda yakakauka, kisha akaviingiza stoo bila kuviosha. Yote hayo aliagizwa na mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akimkosoa.

"Hicho umekikata kwa jembe, tutakila leo. Chenye kidonda hakilazwi na wenzake."

"Sawa, mama."

"Na vitunguu vitoe humo. Hawapatani hao."

Wiki hiyo wateja walimiminika na vitambaa vya sare za shule. Chumba cha mama ndicho kilichokuwa na dirisha kubwa kuliko yote, na fundi alihitaji mwanga. Akamwomba mama alale stoo usiku mmoja tu, avitazame viazi. Mama alichukua mto wake, akaenda, na cherehani ikaingia chumbani. Sare zikaisha, zikaja suti, yakaja mapazia. Mama hakuambiwa arudi, naye hakuuliza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye dirisha hana habari na aliye gizani.

Viazi havikuoza hata kimoja. Vya majirani vilinyauka, vikanuka, vikamwagwa, lakini vya fundi vilibaki vigumu kama siku vilipochimbwa, kwa kuwa mama alivigeuza kwa mkono na kukijua kila kimoja kwa kukigusa. Mchomelea vyuma wa jirani alipokuja kuomba vya kupanda, alitikisa kichwa.

"Wewe stoo yako ina baraka."

"Ni hewa tu," fundi alijibu, akiangalia viatu vyake.

Mvua zilipokaribia, mama alichipua. Yalianzia viwikoni, machipukizi meupe, mafupi, kisha yakatokea magotini na nyuma ya masikio. Mke wa fundi ndiye aliyeyaona kwanza alipompelekea chai.

"Baba watoto, mama amechipua," alisema, kwa sauti ileile ya kusema sukari imekwisha. "Ukipata nafasi umpunguze."

Basi kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, fundi aliingia stoo akayavunja kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyofundishwa kuyavunja ya viazi.

"Yanauma, mama?"

"Hayaumi. Mbona mkono wako wa baridi? Umekula lakini?"

Swali hilo lilimkata maini. Alirudi chumbani akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na dirisha zima liko mbele yake. Aibu ilimkaa kooni kama pini aliyoisahau mdomoni akaimeza. Akainuka, akaisukuma cherehani hadi ukumbini, akatandika kitanda cha mama kwa shuka safi.

"Na wateja?" mkewe aliuliza.

"Wateja watajipima gizani."

Alimshika mama mkono, akamtoa stoo, akamketisha kitandani chini ya dirisha. Mama alishukuru, akasifu shuka. Chai yake haijapoa, mkono ulioelekea juani ukaanza kuwa wa kijani, kisha shingo, kisha shavu. Mke wa fundi alimsogeza kidogo kivulini, lakini chumba kile hakikuwa na kivuli cha maana.

"Mwanga huu umenizidi, mwanangu," mama alisema. "Nimeshazoea kule. Nirudishe kabla sijawa mchungu."

"Tutaweka pazia, mama."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni. Maana kilichomjaa kifuani wakati ule, Mungu amsamehe, kilikuwa ahueni. Mama aliiona. Alimzaa mwenyewe, hakuhitaji kuambiwa.

"Usijisumbue, baba," alisema, akauchukua mto wake.

Fundi alimlaza stoo katikati ya kreti za viazi, akamfunika miguu kwa gunia kavu. Akaurudisha mlango, akiacha upenyo wa kupitisha hewa, kama alivyofundishwa. Kisha akairudisha cherehani chini ya dirisha, akaketi kumalizia mapazia ya mchomelea vyuma, mazito, ya samawati, yasiyopitisha hata chembe ya mwanga.