Divai ya Shamba Lililoungua

Jumamosi, tarehe kumi Juni 2023. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka volkano ya Nyiragongo ukalala juu ya mahema ya wakimbizi ya Munigi, kando ya Goma, na ndani yake mlikuwa na harufu ya kiberiti. Mvua haikunyesha, lakini shitingi, yale maturubai ya mahema, zilidondosha maji kana kwamba zimelia usiku kucha.

Léoncie alipiga magoti juu ya mawe meusi, akaomba kama alivyoomba wiki nzima: "Bwana, nipe moyo wa kuachilia." Moyo haukutaka. Alipoinuka ulikuwa bado umefunga ngumi.

Alasiri ya siku hiyo, mbele ya wazee wa ukoo, angetamka kwamba shamba la ndizi la marehemu mumewe, kule Jomba, si lake tena wala si la watoto wake wawili, Nishimwe na mdogo wake. Lingekuwa la Havugimana, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa Bunagana, mpakani. Vita vilipofika, Léoncie alikimbia na watoto na sufuria moja. Havugimana alibaki, maana yeye alijua kusalimiana na kila aliyeshika barabara. Akaja Goma mara ya kwanza na habari: askari wamechimba mahandaki ndani ya shamba, wameng'oa mashina, wamechoma kilichobaki. Akaja mara ya pili na ombi: "Mama Nishimwe, majivu hayakusaidii kitu. Niachie mahali hapo nipande mikaratusi, jina la kaka lisipotee." Wazee waliona ni neno la busara. Mtu atagombania majivu namna gani?

Kilichomuuma zaidi ni kaburi. Ntirenganya, mumewe, alizikwa katikati ya ndizi zake, na Léoncie mwenyewe ndiye aliyebandika vipande vya sahani ya bluu kwenye msalaba wa saruji ungali mbichi. Sahani hiyo ilivunjika mikononi mwake siku ya maziko. Havugimana alisema msalaba nao umevunjwa.

Alikuwa akifunga kitambaa kichwani Achille alipobisha kwenye nguzo ya hema. Achille aliimba kwaya pamoja naye, na siku za Jumamosi aliongoza wageni wachache kutembea mjini kando ya ziwa, wakionja divai mahali hadi mahali.

"Mama Léoncie, mutu mmoja amekatala kuja. Nafasi yake iko wazi."

"Mimi na divai wapi na wapi? Leo nina mambo yangu."

"Tutamaliza mbele ya saa nane. Na kituo cha mwisho ni kasiksi ya kwenu, Jomba."

Léoncie aliacha kufunga kitambaa. Kasiksi, divai ya ndizi. Mumewe alikuwa akiitengeneza, ndizi zikiiva shimoni chini ya majani, mtama ukikaangwa jioni mpaka watoto wa jirani waje wakifuata harufu. Hakuwa ameionja tangu akimbie. Akawaza: basi niionje mara moja, iwe kuaga. Halafu niende nikaseme neno lao.

Akavaa viatu vya ibada.

Kikundi kilikuwa cha watu watano. Kulikuwa na Rodrigue, mwenye kitambulisho cha shirika la misaada shingoni hata siku ya mapumziko, Vanessa, mgeni kutoka Kinshasa, aliyevaa miwani mikubwa ingawa jua halijatoka, mume na mke wa Bukavu walioshikana mikono, na Léoncie. Achille alitangulia akitembea kinyumenyume, akieleza majumba na miti ya ukingoni.

Walianza kwa divai ya marakuja, yaani matunda ya pasheni, iliyotengenezwa na akina mama wa mtaa mmoja. Kisha wakaingia bustani ya hoteli yenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za bwana harusi. Hapo walimiminiwa divai nyekundu ya Afrika ya Kusini, wakaambiwa wazungushe glasi, wanuse, wanywe kidogo, wateme kwenye ndoo.

"Tuteme?" Léoncie aliuliza.

"Ndiyo njia ya wajuzi, mama," Rodrigue alimwambia. "Ukimeza yote, utafika mwisho umelewa."

"Basi ungekunywa kidogo."

Mwanamke wa Bukavu alicheka. Léoncie hakucheka. Nyuma ya ukuta wa hoteli aliona vichwa vya akina mama wakipanda kutoka ziwani, kila mmoja na bidoni, dumu la maji, mgongoni, kamba imekaza paji la uso. Baadhi yao aliwajua, walikuwa majirani zake wa hema. Nao wakamwona yeye, na glasi mkononi. Akaiweka chini. Akasikia hasira ikimpanda taratibu, kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, na hakujua amkasirikie nani: hawa wanaotema, au vita, au yeye mwenyewe na viatu vyake vya ibada.

"Bwana, fupisha ulimi wangu," alisema moyoni.

Kituo cha mwisho kilikuwa kabare, baa ndogo ya mbao, juu ya lava, ziwa likionekana katikati ya nyumba mbili. Achille alileta bidoni ya njano, akaipangusa kwa kitambaa cheupe, akajaza glasi tano. Kisha akazigawa.

"Ngoja kwanza," Léoncie alisema. "Nani ameonja?"

"Ninyi ndio mutaonja, mama."

"Achille, wewe ni mutoto wa wapi? Mwenye kumimina anakunywa wa kwanza. Mgeni aone macho yako yamebaki wazi, ndipo naye anakunywa. Usipoonja, umewaambia kwamba labda kuna sumu."

"Na kama kuna sumu kweli?" Vanessa aliuliza, akishusha miwani.

"Basi atakufa Achille, na sisi tutarudi nyumbani kwa miguu."

Wote wakacheka, Achille zaidi yao. Akakunywa, akafungua macho kwa makusudi, akawazunguka kila mmoja ili ayaone. "Haya. Sasa kila mara nitafanya hivyo. Wageni wanapenda mambo ya namna hii."

Léoncie akaonja. Ladha ilikuwa ile ile: utamu kidogo mbele, moshi wa mtama nyuma. Machozi yakasogea. Alikuwa ameanza kusema kwaheri moyoni, alipomsikia Vanessa akitema.

Alitema kwenye ndoo, akapangusa mdomo. "Iko na moshi," alisema. "Mimi napenda ile ya hoteli."

Léoncie alishika ukingo wa meza. Kutema kinywaji cha watu mbele yao ni kuwatemea nyumba yao nzima. Lakini akajiambia huyu mgeni hajui, na asiyejua hahukumiwi. Akameza hasira pamoja na kasiksi.

"Muisikilize kwanza hadithi yake," Achille alisema haraka, akitoa telefone. "Hii haitoki hapa karibu. Inatoka Jomba, inavuka Bunagana, inazunguka inchi za ng'ambo, inaingia Goma kwa mupaka. Mwenye shamba anaitwa Papa Havu. Vita vimezunguka pande zote, lakini yeye hajaacha ndizi za baba yake. Foto hii alinitumia mwezi uliopita, ili niwaonyeshe wageni."

Telefone ilipita mkono kwa mkono. Mume wa Bukavu akaitikia kwa kichwa. Rodrigue akasema huo ndio ujasiri. Ikamfikia Léoncie.

Mikungu ilikuwa imeshiba mpaka imeinamisha migomba. Majani mabichi yamejaa picha nzima. Na katikati, Havugimana akitabasamu, mkungu mmoja begani, kiwiko amekiegemeza juu ya msalaba wa saruji kana kwamba ni kaunta ya duka. Msalaba haukuwa na ufa hata mmoja. Vipande vya sahani ya bluu vilikuwa pale pale alipovibandika.

Hakulia. Machozi yalikauka palepale.

"Mama?" Achille aliita. "Mama Léoncie, ni kitu gani?"

"Huyu ni shemeji yangu. Anapoegemea ni kifua cha mume wangu." Akamrudishia telefone kwa mikono miwili, asije akaivunja. "Shamba hili limeungua, Achille. Saa tisa leo ninalitoa mbele ya wazee, kwa sababu limeungua."

Vanessa alivua miwani, akaisukuma ndoo mbali na meza.

Achille alijikuna shingo. "Mama, huyu ndiye ananiletea. Nikimuharibia, na mimi nimejiharibia."

"Sikuombi useme kitu. Nakuomba ubebe bidoni mpaka kanisani kwetu, kwa wazee. Na telefone iwe na moto, isizimike."

Achille aliitazama bidoni, akatazama ziwa. "Nilikuwa ninasimulia uongo wake kila Jumamosi," alisema. "Na watu wananipigia makofi." Akaiinua begani.

Kanisa la Munigi ni mbao na mabati, na sakafu yake ni lava iliyosawazishwa kwa changarawe. Wazee watatu walikuwa wameketi, akina mama wa ukoo nyuma yao. Katikati alikaa muzee Damascène, mkubwa wa wote, aliyemuozesha Léoncie kwa Ntirenganya. Havugimana alikuwa amevaa koti, na mbele yake kreti ya soda. Shamba likibadilisha mikono, sharti watu wanywe kitu pamoja. Bila kinywaji, neno halijakaa.

"Mama Nishimwe, tulifikiri umetukimbia," Havugimana alisema. "Utuwie radhi kwa soda. Ingepaswa kuwa kasiksi ya kaka, lakini munajua wenyewe yaliyotupata."

"Tunajua," Léoncie alisema. "Usijisumbue, shemeji. Kinywaji nimeleta."

Achille akatua bidoni. Léoncie alijaza kikombe kimoja kikubwa cha bati. Akakunywa wa kwanza, mbele ya wote, macho wazi. Kisha akapiga goti kidogo, akampa muzee Damascène.

Muzee alikunywa, akafumba macho, akakunywa tena kabla ya kukumbuka kwamba kuna wengine. "Hii ni ya kwetu," alisema. "Wallahi, kama ningekuwa Mwislamu ningeapa. Hii ni ya kwetu kabisa."

Kikombe kikamfikia Havugimana. Alitazama bidoni ya njano, akamtazama Achille, na Achille akatazama viatu vyake. Palikuwa na njia mbili tu. Kukataa ni kumwita mjane wa kaka yake mchawi mbele ya ukoo. Akakunywa.

"Ni nzuri," alisema.

"Umeitoa wapi, mama?" muzee Damascène aliuliza.

"Muulize shemeji."

"Mimi nitajua wapi? Goma imejaa kasiksi."

"Achille," Léoncie alisema, "muonyeshe muzee foto unayowaonyesha wageni."

Muzee aliisogeza telefone mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena. Wazee wengine wakainama juu ya mabega yake. Mama mmoja nyuma, aliyekuwepo siku ya maziko, alichungulia, akasema polepole: "Ile ni sahani ya Léoncie." Njia ya mwongo ni fupi, na ya Havugimana ilikuwa imeishia hapo, kwenye kipande cha sahani.

Havugimana akasimama. "Sawa. Haikuungua. Lakini munisikilize na mimi. Huyu alikimbia. Mimi nilibaki. Nililala porini, nililipa kila mwenye bunduki aliyepita. Kama si mimi, mungeona mahandaki ya kweli pale. Nani alilinda kaburi la kaka? Yeye, na hema lake?"

Wazee wakatazamana. Lilikuwa neno lenye uzito, na Léoncie aliona linavyowaingia. Hasira yake ikafika juu kabisa, lakini haikumwagika; ilisimama, ikawa nyoofu kama fimbo.

"Ungeniambia hivyo," alisema. "Ungekuja kwenye hema ukasema: mama, shamba liko, nalilinda kwa damu yangu, tugawane. Ningekupa nusu kwa mikono miwili na ningekuombea kila asubuhi. Ulikuja ukaniambia msalaba umevunjwa. Nililia msiba wa mume wangu mara ya pili, shemeji. Ulikaa kwenye mukeka wangu, ukanishika bega nikilia. Na watoto wangu wamelala njaa usiku mwingi, wewe ukivusha bidoni."

Havugimana akakaa.

Muzee Damascène alikohoa. "Mama, tumeona, na tumeona haya. Lakini wewe ndiye unatuongoza katika sala. Ukoo ukigawanyika ukimbizini, utaungana wapi? Umusamehe hapa, mbele yetu, mambo yaishe. Shamba tutalizungumza taratibu."

Akina mama nyuma wakaguna, wengine kwa kukubali, wengine kwa kukataa. Wote walimtazama Léoncie, kama wanavyomtazama asubuhi wakingoja aanze wimbo. Na kweli, midomo yake ilizoea neno hilo. Alikuwa amelihubiri mara nyingi juu ya changarawe hii hii. Alifumba macho, akangoja. Moyo ulikuwa bado umefunga ngumi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuomba ufunguliwe.

Akachukua kikombe cha bati mikononi mwa Havugimana. Kilichobaki ndani hakukitema wala hakukimwaga. Alikimeza chote, akageuza kikombe, akakiweka chini kifudifudi. Kisha akasimama mahali anaposimama mwenye kusoma Neno, akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mahema:

"Mbele ya Mungu aliye hai, na mbele yenu, muzee Damascène, na ninyi wazee, na ninyi mama zangu, na wewe Achille. Shamba la Ntirenganya silitoi. Si leo, si kesho, si kwa soda wala kwa machozi. Ni la watoto wake. Shemeji, nitakusamehe, maana nimeamuriwa, na sitamdanganya aliyeniamuru. Lakini nitakusamehea pale kwenye msalaba, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, na wewe umeondoa kiwiko chako. Mpaka siku hiyo, kikombe kilichotoka mkononi mwako sitakipokea. Nimesema, na ninyi mumesikia."

"Tumesikia," walijibu akina mama.