Ndoo ya Mayai ya Chumvi

Kaka yangu Prayogi akikueleza jambo, utalielewa hata kama hutaki. Siku alipoleta hamira yake kutoka chuoni Semarang, alitusimamisha kando ya bwawa, mimi na tumbo langu, Mama na bata wake, akaanza kutusomesha.

"Sumu wanayopulizia vitunguu, hii iliyotiririkia bwawani, imeshikana na klorini, ndiyo maana haiozi. Sasa hamira ina vimeng'enya vinavyoing'oa ile klorini. Iking'oka, sumu imekwisha, kilichobaki hamira inakula."

"Utajuaje kama imeng'oka?" nikamchokoza. "Utaiuliza?"

"Nadondosha dawa ya kupimia, wewe mwenye mdomo! Klorini ikiwa imeachia, maji yanageuka meupe kama tui."

Akachanganya hamira na maji ya bwawa kwenye ndoo aliyopewa na Mama, akaiacha ifanye kazi. Alipodondosha dawa yake, maji yakageuka meupe kweli. Mama alilia kwa furaha. Hamira ikamwagwa bwawani, na baadaye bata, waliokuwa wamefungiwa tangu sumu igundulike, wakaachiwa waogelee. Mayai yao yakarudi mezani. Mkunga alishasema nile mayai kwa ajili ya mtoto, basi nikayala kila mlo, tena kwa uroho.

Juzi Prayogi akarudi. Alitukuta tunakula, Mama akinimenyea yai.

"Mama, ile ndoo iko wapi? Jirani naye anataka bwawa lake lisafishwe."

"Ngoja niitoe mayai kwanza."

Akaileta ayatoe pale pale. Ndani, mayai yalikuwa yamezikwa kwenye tope jekundu la unga wa matofali na chumvi, kama tunavyoyatia chumvi hapa kwetu Brebes nzima.

"Ndiyo hii?" Prayogi akauliza.

"Hii hii. Ndoo yangu ya mayai tangu hamjazaliwa. Usiniangalie hivyo, siku ile niliisuuza!"

Kaka akapitisha kidole kwenye ukingo, akakilamba.

"Chumvi," akasema. "Mama, chumvi nayo ina klorini."

Sikumwelewa haraka. Nilikuwa natafuna.

"Ule weupe huenda ulikuwa wa chumvi tu," akasema.

"Kwa hiyo hamira haikung'oa kitu?"

"Sijui! Sijui, Wigati! Tema!"

Akanipiga mkono, yai likaruka hadi ukutani. Mama akamzaba kofi.

"Mshenzi we! Unampiga mwenye mimba?"

Kisha na yeye akaelewa. Mkono wake ulibaki hewani, hakujua aupeleke wapi.

Nilitema. Lakini nilichoweza kutema ni kile kilichokuwa mdomoni tu. Mama aliyatazama maganda kwenye sahani yangu. Yote aliyamenya kwa mikono yake, akiniambia kula, mwanangu, kula.

Mtoto akapiga teke, lile teke lake la nguvu ambalo siku zote humchekesha Mama. Hakuna aliyecheka.