Mstari wa Pili

Nimelala miji mingi, na kila nilipoona mambo yanaharibika nilibeba mfuko wangu nikaondoka. Siku ile Elburgon miguu ilitaka vilevile.

Msumeno wa kiwanda cha mbao ulikuwa umenipasua kiganja. Nikapelekwa kliniki, na sista mmoja anayeitwa Akoth akaanza kunishona. Mkono wangu ulitetemeka vibaya. Kile chuma cha kushikia sindano kikawa kinateleza, akakiweka kando, akashika sindano kwa vidole ili amalize haraka. Nikashtuka. Sindano ikamdunga kidoleni.

Alivua glavu, akafungua mfereji wa maji akaosha kidole kwa sabuni. Akaosha, akaosha tena.

"Mzee," akasema bila kunitazama, "usiende popote. Lazima tupime damu yako."

Elphas wa maabara akaja kunitoa damu. Akamuuliza Akoth, "Lakini wewe ulichanjwa hepataitisi, si ndiyo?"

"Ile ya kwanza."

"Ya kwanza tu? Na zingine?"

"Siku ya chanjo ya pili si ni mimi nilikuwa nawachanja nyinyi wote? Zamu yangu kufika, kuna mama anazaa. Nikasema kesho."

"Kesho ya mwaka gani, Akoth?"

Kipimo cha kwanza kilionyesha Ukimwi sikuwa nao. Ikabaki hiyo hepataitisi. Elphas alinieleza kwamba inakaa kwenye damu, inakula ini polepole, na mtu huibeba miaka bila kuumwa. Kwenye kipande cha kupimia alichodondoshea damu yangu, mstari mmoja ni salama. Miwili, ninayo.

Nikafikiria nyembe za kunyolea za kambi za kazi nilizopitia, Molo, Naivasha, Londiani. Wembe mmoja, kambi nzima. Mfuko wangu ulikuwa pale mlangoni.

Akoth aliona macho yangu yanakoelekea. "Mzee, ukitoroka sasa sitajua. Niko na mtoto ananyonya."

Nikakaa.

Mstari wa kwanza ukatokea. Tukangoja, macho kwenye kile kipande. Wa pili ukaja kama ukungu, nikajiambia ni macho yangu ya uzee. Kisha ukakolea.

Akoth akaegemea ukuta.

"Ni mimi nimekuletea," nikasema.

"Wacha, mzee. Chuma niliweka chini mwenyewe."

Elphas akamchanja papo hapo, halafu akapiga simu huku na huku mpaka akapata Nakuru dawa ya kukinga upesi, ambayo kliniki haikuwa nayo. Lori la mbao lilikuwa linashuka huko. Akoth akapanda mbele na dereva, bado amevaa nguo za kazi.

Mimi nikaanza matibabu yangu, nikabaki Elburgon. Kila nilipokutana na Akoth nilimtazama kwanza macho, nione kama yamegeuka manjano. Chanjo zilizobaki, Elphas alimkalisha kitini kwa nguvu.

"Hutoki hapa. Hata kama ni mapacha, wangoje!"

Miezi ikapita. Siku ya kipimo cha mwisho cha Akoth nilikaa kwenye benchi la nje, kovu la kiganja likiloa jasho. Walikawia. Akoth akatokea dirishani analia, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko.

Ndipo akainua kidole kimoja, kile kile kilichodungwa. Mstari mmoja.

Nikauacha mfuko, nikasimama nikampungia kwa mkono wenye kovu.